Kelele za Mzee Pistoni

Injini ya Mzee Pistoni ilikuwa na mlio ambao mtaa mzima uliutumia kama saa. Ilipoanza kunguruma asubuhi, watu walijua wakati wa kujitwika mahindi umefika. Ilipokohoa mara ya mwisho jioni, aliyekuwa bado njiani na debe lake aligeuza akarudi nyumbani. Ilikaa katika kibanda cha mabati nyuma ya chumba cha kusagia. Mkanda wake mrefu ulipita kwenye tundu la ukuta na kwenda kuzungusha kinu kilichokuwa chumba cha mbele. Wateja hawakuiona. Waliisikia kwenye nyayo, kwenye meno na kwenye vikombe vya makabati yao.

Hakuna aliyeweza kuiwasha isipokuwa mwenyewe. Alianza kwa kuipangusa kwa tambara, akaipa tone la oili mahali ambapo yeye tu alipajua, akashika hendeli na kuizungusha huku akiibembeleza kama mtu anayemwamsha shemeji. Vijana wenye vifua vipana walishajaribu, na mmoja hendeli ilimrudia ikamkalisha chini mbele ya mchumba wake. Tangu hapo likaja hilo jina la Pistoni, na hata mkewe akawa anamwita hivyo, labda kwa sababu lile alilopewa na wazazi halikufua dafu mbele ya kelele zile.

Ndani ya chumba cha kusagia hakuna neno lililosikika. Aliyetaka unga laini alisugua vidole hewani. Aliyetaka wa kukwaruza alitikisa kiganja. Mzee naye, akimimina mahindi kwenye mdomo wa kinu, midomo yake haikutulia hata kidogo, na watu wakaamini kwamba anasali. Aliyeieneza habari hiyo zaidi ya wengine alikuwa ajuza mmoja aliyeitwa Bibi Laini, kwa sababu hakuwahi kupokea unga mara ya kwanza bila kuurudisha usagwe tena. Huyo alikuwa akiwaambia wajukuu zake, "Yule mtu ana ibada. Hasagi debe la mtu bila kuliombea."

Ukweli ni kwamba Mzee Pistoni hakuwa akisali. Alikuwa akiwasema.

Nyumbani alikuwa mkimya kupindukia. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kupanga foleni, alizoea kulalamika kwamba ameolewa na kabati. Lakini maneno ya mtu lazima yatokee mahali, na ya Mzee Pistoni yalitokea kinuni, chini ya ngurumo, ambako hayakumdhuru yeyote. Mteja akileta mahindi yenye unyevu, alimwambia aende akayaogeshe vizuri kwanza, maana bado hayajalowa masikio. Mwenye tumbo alimwita gunia lenye miguu. Bibi Laini aliambiwa kila alipokuja: "Haya, kaja mama wa kurudisha. Jino lenyewe moja, laini ya nini?" Kisha alimkabidhi kila mmoja ndoo yake kwa tabasamu na moyo mweupe kabisa. Hakuvuta sigara, hakunywa, hakwenda kutazama mpira. Raha yake ilikuwa hiyo.

Kisha dizeli ikaanza kuadimika.

Mwanzoni ilikuwa leo ipo, kesho haipo. Baadaye ikawa madumu yanapangwa foleni kwenye kituo cha mafuta tangu alfajiri, kila dumu limefungwa kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe alitambue, na wenye madumu wamekaa kivulini wakibishana kuhusu mambo ya dunia. Redio ilisema visima vimeanza kuchoka. Mzee Pistoni alikuwa na maelezo yake. Kwa maoni yake, mafuta yaliyo chini ya ardhi yaliwekwa kwa hesabu ya watu waliokuwepo wakati ule, na hakuna aliyetegemea mtaa kama wa kwake. Alipoanza kusaga, mtu akisimama mlangoni aliiona barabara kuu. Sasa nyumba zilikuwa zimeota ngazi za chuma na vyumba juu ya vyumba, bomba la maji lililotosha zamani lilitoa pumzi tu, na maji yakawa yanaletwa kwa gari la boza. Foleni yake mwenyewe ilitoka nje ya baraza, ikapinda kona. Watu wanazidi, dumu linapungua; hata mtoto angeona mwisho wake.

Binti yake alicheka aliposikia maelezo hayo, lakini hakuyakataa yote. Alikuwa fundi umeme, na baba yake alimwita Injinia, nusu kwa fahari na nusu kwa kejeli. Alimwambia kwamba yale mafuta ya kuchota kirahisi ndiyo yanayokwisha. Yaliyobaki yako mbali na yana kazi kuyatoa, na wanaoyataka wanaongezeka, kila mmoja na pikipiki yake.

"Kwa hiyo nimesema kweli," alisema baba.

"Umesema kweli, Baba. Sasa dawa yake?"

Dawa aliyoijaribu kwanza ilikuwa mafuta ya kukaangia. Alikwenda kwa mama anayekaanga viazi karibu na kituo cha pikipiki, akachukua yale yaliyokwisha kazi, akayachuja kwa kipande cha shuka na kuyamimina kwenye tangi. Injini iliyakubali. Shida ikawa moshi. Mtaa mzima ulinukia viazi, watoto wakaja na sahani, mbwa wakalala mbele ya kibanda wakisubiri, na mama wa viazi mwenyewe akaja kulalamika kwamba wateja wake wanafuata harufu wanaishia kinuni. Haikupita wiki, mirija ya injini ikaziba kwa makombo, na Mzee Pistoni akashinda siku nzima akiisafisha kwa waya wa baiskeli na kuiomba radhi.

Ndipo binti yake akaleta habari ya sola. Paneli zingekaa juu ya paa, mota ndogo ingefungwa chini ya kinu, na dizeli wangewaachia wanaoihitaji. Alikuwa amefunga taa za jua kwenye nyumba za watu, lakini mashine ya kusaga ingekuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Ikifanya kazi, watu wangeiona na wangemwita. Ikishindwa, wangeiona pia.

Mzee Pistoni aliuliza inawashwaje.

"Kwa swichi."

"Na nani?"

"Yeyote."

Hilo neno ndilo lililomkaa kooni. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama inawashwa na yeyote, yeye atakuwa nani mle ndani. Aliyejibu ni mkewe: alikuwa amefua mashati yenye dizeli tangu walipooana, na alisema kwamba kama jua linaweza kusaga bila kuchafua kola, lianze hata leo.

Kazi ilifanyika. Injinia alipanda paa akiwa na suruali yenye mifuko mingi, akafunga paneli, akashusha nyaya kwa mpangilio uliomfanya hata baba yake atikise kichwa kwa kuridhika pale alipodhani haonekani. Alibadilisha beringi za kinu zilizochoka, akakaza mfuniko uliokuwa ukicheza, akaweka vipande vya mpira chini ya miguu ya kinu. Siku ya kuwasha, jua lilikuwa kali. Mzee Pistoni alivaa shati safi na kusogea mbele ili afanye heshima hiyo mwenyewe. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu, mkewe, mikono yake ikiwa na beseni, alisukuma swichi kwa kiwiko.

Kinu kikazunguka. Hakikunguruma, kilivuma tu, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Kelele zote za miaka ile kumbe zilikuwa za injini na za mfuniko uliolegea. Wateja walitazamana. Mmoja alipiga chafya na kila mtu akasikia. Kisha mke wa mzee akawatoa wakapange foleni barazani.

Bibi Laini alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mzee Pistoni alipokea debe lake, akaanza kulimimina, na midomo yake, ambayo haikuwa imepewa taarifa yoyote ya mabadiliko, ikafanya kazi yake ya kila siku.

"Haya, kaja mama wa kurudisha. Jino lenyewe moja, laini ya nini?"

Bibi Laini alisikia kila neno. Alisimama akimwangalia anavyomimina kwa utulivu ule ule wa mtu wa ibada. Alipokea unga wake, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule uanze hakuurudisha. Akaondoka.

Aliyefuata alisikia yake, na wa tatu yake. Kila mmoja aliingia peke yake, maana chumba kilikuwa kidogo, na mkewe barazani hakusikia kitu. Mzee Pistoni mwenyewe, ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea ngurumo kiasi kwamba bado aliisikia hata ikiwa haipo, hakuwa na habari. Alimaliza siku ameridhika, akakiri mezani kwamba mota si mbaya.

Siku zilizofuata foleni haikufika tena kwenye kona. Kisha haikufika mwisho wa baraza. Watu walikuwa wakivuka bonde na madebe yao kwenda kwenye mashine nyingine, safari ya kutokwa jasho, na walipoulizwa sababu hakuna aliyesema. Nani aende kutangaza sokoni kwamba ameitwa gunia lenye miguu? Kwa hiyo kila mmoja alitafuta la kusema. Huyu alisema unga wa jua ni wa baridi. Yule alisema haushibishi. Bibi Laini, alipobanwa na wajukuu, alisema unga usiopitia kwenye injini hauna nguvu, akaomba asiulizwe tena.

Maneno hayo yalimfikia Mzee Pistoni, naye akayaamini yote, kwa sababu ndiyo aliyotaka kuyasikia. Alijua! Watu wanataka injini. Lakini hapo hapo alimwona binti yake amekaa kwenye ngazi na koleo mkononi, akipima nyaya ambazo alikuwa ameshazipima, akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Mwenye hoteli ndogo aliyekuwa ameahidi kumpa kazi alikuwa ametuma ujumbe kwamba asubiri kwanza aone ya mzee inaendaje. Raha ya kuwa na haki ikamchacha Mzee Pistoni mdomoni. Kinu kikifungwa, yeye angepoteza kinu; binti angepoteza mengi zaidi, na alikuwa bado anaanza.

Alifikiri siku nzima, na wazo alilopata lilimpendeza sana. Watu wanataka injini? Watapata injini.

Kesho yake, binti alipokuwa ametoka, aliuvua mkanda uliokuwa umebaki kwenye gurudumu la injini, akaupachika ukutani, akaenda nyuma na kuiamsha injini. Ikanguruma peke yake kibandani, haizungushi chochote, huku jua likisaga mbele chini ya gunia alilofunikia mota. Vikombe vikatetemeka makabatini. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imepinda kona.

"Sasa huu ndio unga," walisema wateja, wakiusugua vidoleni. Na kweli walifurahi, kwa kuwa wangeweza kusimama tena mbele ya Mzee Pistoni wakitazama midomo yake ikicheza na kuamua wenyewe kwamba anasali. Bibi Laini alirudi, akaurudisha unga, akasemwa, hakusikia. Amani ikarejea.

Mkewe aligundua siku hiyo hiyo, akamwambia kwa ishara kwamba ana wazimu. Binti aligundua jioni. Alisimama kibandani akaitazama injini inayochoma dizeli ili jua lisaidiwe kelele. Hakuna kitu shuleni kilichomwandaa kwa hili. Baba yake alimwambia ni kwa muda tu, watu wakizoea ataizima polepole, kama mtu anavyomwachisha mtoto ziwa.

Haikuwa hivyo. Kelele zilitaka dizeli kila siku, na kituoni dizeli ilikuwa inakuja kwa matone. Mhudumu wa pampu, kijana mwenye kofia aliyekuwa na madaraka makubwa kuliko alivyowahi kuota, aligawa kwa haki yake: kwanza kazi ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo. Dumu la Mzee Pistoni lilipita mbele, maana mtaa mzima ulikula kwake. Nyuma yake alikuwa dereva wa boza la maji, na mara mbili mfululizo pampu ilikauka ikifika zamu yake.

"Chukua tu, mzee wangu," alisema dereva mara ya pili. "Maji watu watavumilia. Njaa haivumiliki."

Mzee Pistoni alishukuru akitazama kando. Nyumbani alikuta mkewe ameyakung'uta mapipa, na wajukuu wanaoishi nao wameoshwa nyuso tu, kwa kitambaa kimoja.

Siku iliyofuata boza halikuja. Foleni kinuni ilikuwa ndefu na yenye kiu, na dereva wa boza mwenyewe alikuwa humo, na ndoo ya mahindi, kwa kuwa gari lake lilikuwa limesimama na alikuwa hana la kufanya. Joto lilikuwa kali, na kwa ajili ya joto Mzee Pistoni aliuacha mlango wazi, wateja wakajazana hadi ndani. Alikuwa na dumu zima la dizeli kibandani, lakini kwa kukimbilia madebe alisahau kwenda kujaza tangi. Alikuwa amechangamka. Alimimina mahindi ya Bibi Laini huku akiongea na injini kupitia ukutani, kama alivyokuwa akifanya siku zile zote.

"Piga kelele, mama, piga kelele," alikuwa akiiambia. "Usinyamaze. Wajinga hawa hawajui kwamba..."

Injini ikakohoa, ikapwita, ikafa.

"...tangu mwezi uliopita wanakula jua."

Yakabaki maneno hayo yamening'inia chumbani. Halafu watu wakatambua jambo la pili, ambalo kwa sekunde chache lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: kinu hakikusimama. Kilivuma vile vile kwa mdomo uliofungwa, na unga uliendelea kushuka kwenye ndoo ya Bibi Laini, mweupe, taratibu, bila wasiwasi wowote. Macho ya wote yakafuata mahali ambapo mkanda ulipaswa kuwa, yakaukuta umetundikwa ukutani kama koti la mgeni.

Mzee Pistoni alitaka ardhi impasukie. Akamwambia Bibi Laini, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya binti yake. Kwamba wao wenyewe ndio waliokimbia unga wa jua.

Bibi Laini alisubiri amalize. "Pistoni, mwanangu," alisema, "hakuna aliyekimbia jua. Tulikukimbia wewe. Mimi kweli nina jino moja, lakini masikio ninayo yote mawili."

Mzee Pistoni alichukua muda kuelewa. Watu waliuona uelewa ukipanda usoni mwake kama maji yanavyopanda kwenye chupa. Aliwaangalia mmoja mmoja, akikumbuka alichomwambia kila mmoja, na kila alipokumbuka alizidi kuwa mdogo.

Mwenye tumbo ndiye aliyeanza. "Mimi aliniita gunia lenye miguu," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama fahari.

Mwingine akasema hilo si kitu, yeye aliambiwa mahindi yake yamesafiri kuliko yeye. Mama mmoja alikuwa ameambiwa anafanana na bili ya umeme. Likawa shindano. Waliobeba aibu zao kimyakimya kuvuka bonde sasa walizileta mbele na kuzilinganisha, wakishikana mabega kwa kicheko, na yule ambaye hakuwahi kutukanwa, mwalimu mmoja mpole, akawa ananung'unika pembeni kwamba yeye kakosa nini. Barazani, binti wa Mzee Pistoni alikuwa amefika. Mama yake alikuwa akijaribu kumweleza, akashindwa kwa kucheka, akamsukumia ndani ajionee.

Dereva wa boza hakuwa amecheka.

"Mzee wangu," alisema, "ile dizeli ilikuwa ya kelele tu?"

Vicheko vikakauka. Mtaa mzima ulikumbuka koo zake.

Mzee Pistoni alikwenda kibandani, akarudi akikokota dumu lililojaa, akaliweka miguuni kwa dereva. Kisha akasema maneno ambayo mkewe alidai baadaye ndiyo marefu zaidi aliyowahi kumsikia akiyasema mbele ya watu: kwamba anaomba radhi, kwamba kesho atakwenda kituoni mwenyewe amwambie yule mwenye kofia zamu yake ampe dereva wa boza, na kwamba injini haina kazi tena na anayeitaka akaichukue aikate vyuma. Dereva alilipima dumu kwa mkono, akalibeba, akaacha ndoo yake ya mahindi kwenye foleni ishike nafasi. Baada ya muda watu walisikia boza likiwaka barabarani.

Wateja walibaki wakisubiri. Unga wa Bibi Laini ulikuwa umekwisha kushuka. Aliuchota kidogo, akausugua.

"Urudishe," alisema.

Mzee Pistoni aliurudisha kinuni, midomo ameibana kabisa, kama mtu aliyemeza msumari. Chumba kizima kilimtazama. Kinu kilivuma. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na hakujua aangalie nyaya au aangalie baba.

"Sema basi," alisema Bibi Laini. "Najua lipo hapo. Usije ukapasuka."

"Hapana, Bibi."

"Sema."

Alihangaika nalo kidogo. "Mahindi yako yana unyevu," alisema mwishowe. "Ndiyo maana hayawi laini. Ungeyaanika siku moja tu kabla ya kuyaleta, ungepata unga wa kupepea. Hata ukirudisha mara ngapi, hivi yalivyo hayatakuwa."

Bibi Laini alishika kiuno. "Hilo ulilijua lini?"

"Toka siku ya kwanza. Nimekuambia kila ulipokuja, injini ikinguruma."

Watu waliangua kicheko, lakini ajuza hakujali. Alikuwa akitazama debe la pili alilokuja nalo, lililokuwa bado halijasagwa, kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa miaka mingi na anayetaka kuanza kudai sasa hivi. Nyuma yake mwenye tumbo aliingiza mkono kwenye gunia lake na kuuliza kama na ya kwake yana unyevu. Mwingine alitaka kujua kwa nini wake unatoka mweusi. Mzee Pistoni alitia vidole kwenye gunia, akauma punje moja, akafikiri, akajibu. Binti yake alipita kimya, akalitoa gunia lililofunika mota na kulikunja.

Bibi Laini alitandika kanga barazani palipokuwa na jua, akamwaga mahindi yake juu yake, akayasambaza kwa kiganja.

"Waendelee wengine," alimwambia mke wa Mzee Pistoni. "Lakini kesho asubuhi wa kwanza ni mimi, na mtu asije akaniambia zamu yangu imepita."